Injini ya Stirling ya jua imegoma? Soma hapa kabla hujaongeza dishi

Maonesho ya sayansi yakikaribia tu swali ni lilelile: nimejenga injini ya Stirling (ile inayozungushwa na hewa iliyofungiwa ndani, ikipashwa moto inapanuka, ikipozwa inasinyaa) kwa makopo, nimebandika vioo kwenye dishi la TV, nimeiweka juani, haizunguki, nifanyeje? Na kabla hujamjibu mtu ameshatuma picha ya dishi kubwa zaidi analotaka kununua, maana anaamini joto halijatosha.

Joto mara nyingi linatosha na kubaki. Mshumaa mmoja unatoa joto la kama wati 40 hadi 80, na dishi la upana wa sentimita 60 jua likiwa kali linapokea kama wati 250. Sasa injini ya makopo iliyo nzima inazunguka kwa mshumaa, kwa hiyo ikigoma kwa mshumaa, hilo dishi la mita mbili kazi yake itakuwa kuyeyusha gundi tu.

Nazungumzia ile aina ambayo wanafunzi wengi wanajenga, yenye kopo moja la chuma (la nyanya au la maziwa ya unga) linalopashwa moto kitakoni na kupozwa juu, ndani yake kuna displesa, yani lile dude jepesi linalopanda na kushuka kuhamisha hewa kutoka upande wa moto kwenda wa baridi, halafu pembeni au juu kuna pistoni ya kazi ambayo ni bomba la sindano la kioo au kiwambo cha glavu, na vyote vinashikwa na krenki moja (waya uliokunjwa unaogeuza kupanda na kushuka kuwa mzunguko) yenye flaiwili, yani gurudumu la kuendeleza mzunguko, ya CD. Kama yako ina mabomba mawili ya sindano bila displesa mengi humu bado yatakusaidia ila sio yote.

KWANZA KABISA: TENGANISHA INJINI NA JUA

Toa injini kwenye dishi, weka mezani, kivulini, washa mshumaa au kibatari chini ya kitako, weka kitambaa kibichi juu upande wa baridi, subiri dakika mbili tatu, halafu isukume kwa kidole. Ikizunguka, injini ni nzima na tatizo liko upande wa jua, ruka nenda dalili ya pili. Isipozunguka usiirudishe juani kabisa, baki na dalili ya kwanza mpaka ikubali. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu mradi unaitwa wa jua na wanaona mshumaa kama kudanganya, wakati ndio kipimo cha bei rahisi kuliko vyote.

Na dishi lenyewe lifunike gunia au khanga nzito muda wote ambao hulitumii. Vioo havizimwi kwa swichi, jua likihama ile nukta ya moto inahama nayo, inaweza kwenda kwenye pazia, kwenye nyasi, au kwenye uso wa mtu aliyekuja kushangaa.

DALILI YA 1: HAIZUNGUKI HATA KWA MSHUMAA, UKIISUKUMA INASIMAMA PALEPALE

Hii ndio inaongoza kwa mbali. Sababu nazipanga kuanzia inayotokea sana.

Msuguano. Fungua tundu lolote la hewa (toa kiwambo au chomoa bomba la sindano) ili hewa isibane, acha konrodi zote (vile vijiti vinavyounganisha krenki na pistoni na displesa) zimeungwa, piga flaiwili kwa kidole. Inatakiwa iende mizunguko mingi ndio ilegee taratibu. Ikisimama kabla ya mizunguko mitano hivi basi hapo hakuna mshumaa wala jua litakalokusaidia. Tafuta inapokwama kwa kuchomoa kimoja kimoja: chomoa konrodi ya pistoni, jaribu, rudisha, chomoa ya displesa, jaribu. Utakuta mara nyingi ni pale fimbo ya displesa inapopita kwenye mfuniko. Watu wanakabana sana pale wakiogopa hewa kuvuja. Spoki ya baiskeli iliyonyooka na kung'arishwa kwa msasa laini inatosha kama fimbo, na tundu lake njia nzuri ni kupaka spoki Vaselini, kumwagia epoksi kuizunguka juu ya mfuniko, kisha kabla epoksi haijakauka kabisa unaizungusha spoki iachie. Unapata njia ndefu, laini, inayobana hewa bila kubana fimbo. Hii inafaa upande wa baridi tu, epoksi ya kawaida inalegea ikipata moto.

Beringi nazo. Ukinunua beringi mpya imejaa grisi nzito ya mashine kubwa, injini yako haina nguvu ya kukoroga hiyo grisi. Ioshe na mafuta ya taa, ikaushe, weka tone moja la mafuta ya cherehani au iache kavu. Usioshe kwa petroli halafu ukaenda kuwasha kibatari pembeni, nimeona watu wanaandika ushauri huo bila hata kusema neno la tahadhari. Bomba la sindano la kioo usilipake mafuta kabisa, mafuta yanavuta, paka unga wa risasi ya penseli.

Hewa inavuja. Rudisha kila kitu, funga, bonyeza kiwambo taratibu ndani ukishikilia krenki isiende: unatakiwa usikie kinakusukuma kurudi. Kama kinazama tu kama hakuna kitu, hewa inatoka. Paka povu la sabuni kwenye maungio yote uangalie mapovu yanapokua. Panapovuja sana ni pale mfuniko unapokutana na kopo, halafu pale glavu inapofungwa kwa mpira, halafu kwenye mshono wa kopo lenyewe. Mfuniko uzibe kwa silikoni nyekundu ya gasketi, ile ya mafundi gereji, ina uwezo wa kuvumilia joto kuliko ile nyeupe ya madirisha. Acha ikauke usiku mzima, sio nusu saa. Kwenye fimbo ya displesa kuvuja kidogo sio mwisho wa dunia, bora ivuje kidogo kuliko ikwame.

Pembe ya krenki. Displesa inatakiwa itangulie pistoni kwa robo mzunguko, digrii 90. Kabla hujakunja waya upya jaribu kitu rahisi kwanza: sukuma flaiwili upande wa pili. Injini hizi zinaenda upande mmoja tu, ule ambao displesa inatangulia, na mtu anaweza kukaa wiki nzima anaisukuma kinyume. Ikigoma pande zote, pima pembe kwa kipima pembe cha kwenye mkebe wa shule, ikiwa 80 au 100 sio tatizo, ikiwa 45 au 180 ndio umepata jibu.

Displesa inagusa. Zungusha taratibu kwa mkono sikio likiwa karibu. Ikikwaruza ukutani, fimbo imepinda au displesa haijakaa katikati. Nafasi ya milimita moja mpaka mbili kuizunguka inatosha, na juu na chini vivyo hivyo. Wengine wakisikia inagusa wanaipunguza mpaka inabaki na nafasi ya sentimita nzima pembeni, hapo hewa inajipitia tu bila kupata joto wala baridi. Urefu wa displesa uwe kama theluthi mbili za kopo, theluthi inayobaki ndio mwendo wake. Kama displesa yako ni ya stilwaya ya kusugulia masufuria, ifunge isimwage nyuzi, uzi mmoja ukiingia kwenye bomba la sindano kazi imeisha.

Pistoni kubwa kupita kiasi. Hili watu hawalifikirii. Mtu anaweka kiwambo cha upana wa mdomo wa kikombe na mwendo mrefu akidhani ndio nguvu, kumbe hewa iliyomo haipanuki kiasi hicho. Kuna kanuni ya kukadiria ya Ivo Kolin, profesa wa Kikroeshia aliyeonesha mwaka 1983 injini inayozunguka kwa tofauti ndogo sana ya joto: ujazo wa hewa ikiwa imepanuka kugawanya kwa ujazo wake ikiwa imebanwa iwe 1 kujumlisha tofauti ya joto kugawanya kwa 1100. Kama kitako kina nyuzi 230 na juu kuna 30, tofauti ni 200, unapata kama 1.18. Maana yake injini yenye hewa ya sisi (sentimita za ujazo) 150 pistoni yake isogeze kama sisi 27 tu. Punguza mwendo wa krenki ya pistoni kwanza, ni kukunja waya tu, kabla hujabadilisha kiwambo.

Mwisho flaiwili. Bila moto, tundu la hewa likiwa wazi, iache isimame yenyewe mara kadhaa. Ikisimama kila mara sehemu moja ina uzito upande mmoja, kwa kawaida ni displesa inavuta chini. Bandika nati au sarafu upande wa pili wa krenki ya displesa mpaka isimame popote.

Umefanya yote bado? Basi chukua vipimo vyako nenda kwa fundi wa mashine ya kuchongea vyuma, Gerezani kwa walio Dar au Kamukunji kwa walio Nairobi, mwambie akunyooshee krenki na kukuchongea pistoni na silinda yake vikae sawa. Kukunja waya wa krenki kwa plaizi kuna kikomo chake.

DALILI YA 2: KWA MSHUMAA INAZUNGUKA, JUANI HAITAKI

Hapa sasa ndio tunazungumzia dishi.

Sababu namba moja, na hii ni ya kwetu hasa kwa sababu madishi tunayoyapata ni ya ving'amuzi: yale madogo ya sentimita 60 mpaka 90 hayaangalii mbele kama unavyodhani. Yamekatwa kutoka upande wa dishi kubwa la kufikirika, ndio maana mkono unaoshika kile kichwa cha kupokea unatokea chini na sio katikati. Ukililenga jua uso kwa uso fokasi, yani pale miale yote inapokutana, inatawanyika na unapata mchirizi mrefu badala ya nukta. Fanya hivi: acha mkono wake ulivyo, weka kipande cha mbao pale kichwa kilipokuwa, kisha lisogeze dishi mpaka kivuli cha ile mbao kiangukie kwenye ukingo wa chini wa dishi. Sio katikati, ukingo wa chini. Hapo dishi litaonekana kama limelala vibaya, usijali, angalia kwenye mbao utaona nukta imekaza. Kwa yale makubwa ya zamani yenye miguu mitatu kivuli kinaangukia katikati kabisa, na fokasi unaitafuta kwa hesabu: upana mara upana, gawanya kwa kina mara 16. Dishi la sentimita 120 lenye kina cha 20 fokasi yake iko sentimita 45 kutoka kitakoni.

Unapofanya hivyo usiangalie nukta kwa macho matupu, na miwani ya jua ya urembo haitoshi, azima miwani ya fundi wa kuchomelea. Na uwe umefunika robo tatu ya dishi kwa gunia, nukta utaiona bila kuchoma mbao wala mkono.

Kopo linang'aa. Umekusanya jua lote hilo halafu kitako cha kopo kinalirudisha kama kioo. Kipake cheusi kisichong'aa. Rangi ya ekzosi ni nzuri, ila masizi ya kibatari ni bure na yanafanya kazi, shikilia kitako juu ya moto wa kibatari mpaka kiwe cheusi tii. Yanafutika ukigusa kwa hiyo usiguse.

Vioo vikubwa. Kioo bapa hakikusanyi, kinatupa tu mwanga wa ukubwa wake, sasa ukikata vipande vya sentimita 10 nukta yako haiwezi kuwa ndogo kuliko sentimita 10 hata ulenge vipi. Kata vipande vya sentimita 3 au 4. Foili ya jikoni ikikunjamana inatawanya, kama huna kioo tumia stika ya kioo wanayobandika kwenye magari na samani, ibandike kwa vipande vyembamba virefu isijikunje. Kukata kioo vaa glavu za ngozi, na vumbi lake usilipulize.

Jua lenyewe. Kuna kitu watu wenye paneli za umeme nyumbani wanakisahau: paneli inakubali hata mwanga wa mawingu, dishi halikubali. Dishi linataka miale inayokuja moja kwa moja. Kipimo ni kivuli cha mkono wako chini, kingo zikiwa kali kama zimechorwa endelea, zikiwa zimefifia rudi ndani unywe chai. Ndio maana Nairobi mwezi wa saba unaweza ukahangaika na injini isiyo na kosa.

Upepo. Kopo la nyuzi 250 likipigwa na upepo wa pwani linapoteza joto haraka. Chukua kopo kubwa zaidi, toa kitako na mfuniko, livishe nje ya lile la kwanza bila kugusana. Linakinga upepo na mwanga unapita chini kama kawaida.

Kupima joto la kitako: zile bunduki za kupima homa zilizobaki toka enzi za korona hazifai, zimetengenezwa kwa joto la mwili tu. Za viwandani zinafaa, ila zinadanganya kwenye bati linalong'aa, pima pale penye masizi.

DALILI YA 3: INAANZA VIZURI, BAADA YA DAKIKA CHACHE INAKATA

Upande wa baridi umeshapata moto, tisa kati ya kumi usitafute mengine. Injini hii haili joto, inakula tofauti ya joto, juu pakifika nyuzi 90 unaongeza vioo chini ukidhani unasaidia kumbe unaharibu zaidi. Gusa mfuniko kwa mgongo wa mkono haraka haraka, ukishindwa kuacha mkono sekunde tatu, umepata jibu.

Anza na kivuli. Mara nyingi jua lilelile linapiga mfuniko kwa juu, kata kipande cha boksi kilichofunikwa foili ukiweke kama kofia. Kisha kitambaa kibichi: Dodoma ambako hewa ni kavu kinapoza ajabu, Dar au Mombasa kwenye unyevu kinasaidia kiasi na inabidi ukimwagie mara kwa mara. Kisha tengeneza kikombe cha maji juu ya mfuniko, kata kopo pana, libandike kwa silikoni, jaza maji. Mwisho ndio badilisha kopo: kama silinda yako ni ya alumini, joto linapanda ukutani haraka sana, chuma cha kopo la nyanya kinapitisha joto kidogo kuliko alumini, tena kwa mbali.

Tahadhari hapa: maji yabaki nje. Kila mara kuna mtu anawaza kudondoshea maji ndani ya silinda "ipate mvuke iongeze nguvu". Maji yakigeuka mvuke yanapanuka mara 1,600 na zaidi, kopo lililozibwa kwa silikoni halina pa kuupeleka. Hata ukizamisha injini kwenye beseni kutafuta inapovuja, ikaushe kabisa ndani kabla hujairudisha kwenye moto.

Kama juu ni baridi na bado inakata, angalia jua limehama. Jua linatembea digrii 15 kwa saa, kwa hiyo digrii moja kila dakika nne, na dishi linahitaji kusogezwa kila baada ya dakika chache. Injini inayokata baada ya dakika nane au kumi na inafufuka ukisogeza dishi haina ugonjwa wowote. Kuna ile njia ya Wolfgang Scheffler, dishi lake la kwanza lililofanya kazi vizuri alilijenga mwaka 1986 kwenye misheni kaskazini mwa Kenya, ambalo linazunguka lenyewe kufuata jua huku fokasi ikibaki sehemu moja. Kwa mradi wa kidato ni kazi kubwa, ila kwa mwanafunzi wa chuo ni wazo zuri sana.

Sababu ya mwisho kabisa ni glavu au puto kulegea kwa joto. Mpira wa puto pia unaoza juani, badilisha kabla ya siku ya maonesho hata kama unaonekana mzima.

DALILI YA 4: SAA SITA INAKUBALI, ASUBUHI NA JIONI INAGOMA

Hili swali nalipenda. Kwetu huku jua la mchana liko karibu utosini, Dar mwezi wa tatu na wa kumi linapita juu kabisa, kwa hiyo dishi linaangalia juu na injini inakaa wima kitako chini, hali ileile ya mezani. Asubuhi dishi linainama, injini inalala na dishi, displesa inaanza kukwaruza ukuta na maji ya kwenye kikombe yanamwagika. Sio joto.

Njia rahisi ni kupanga onesho lako kati ya saa tano na saa nane mchana, hakuna jaji atakayekunyima alama kwa hilo. Njia ngumu kidogo ni kufunga fimbo ya displesa kwa njia ndefu zaidi ili isiyumbe, na kupoza kwa kitambaa badala ya maji ya wazi. Wanaotumia lenzi bapa za TV kubwa za zamani wana kesi ya kinyume: mwanga unatoka juu kuja chini, kwa hiyo injini inatakiwa ipinduliwe kitako juu na maji yawe chini yake. Ukiiweka wima kawaida chini ya lenzi unapasha moto upande wa baridi.

DALILI YA 5: MOSHI, HARUFU KALI, GUNDI ZINAACHIA

Makopo ya chakula yana utando wa plastiki ndani na rangi nje. Ukichoma mara ya kwanza lazima yatoe moshi, kwa hiyo lichome tupu kwenye jiko la mkaa nje, usimame upande upepo unapotokea, mpaka moshi uishe, ndio uanze kujenga. Supaglu na epoksi ya kawaida zisikaribie nusu ya chini ya kopo. Lehemu ya bati na risasi ya mafundi redio inayeyuka nyuzi 183, usiitegemee kwenye kitako.

Acha kabisa mabati yaliyopakwa zinki, yale ya kuezekea. Yakipata moto mkali yanatoa moshi mweupe unaoleta homa na kubana kifua. Ukishauvuta na kifua kikabana nenda hospitali useme ulikuwa unachoma nini. Na makopo ya dawa ya mbu usiyakate, hata ukidhani yamekwisha ndani kuna gesi inayowaka. Kila anayejenga injini anayatamani maana ni membamba na marefu, lakini hapana.

DALILI YA 6: INAZUNGUKA SAFI, UKIFUNGA DAINAMO INAKUFA

Hapa inabidi tuambiane ukweli. Kuna hesabu ya Beale, mhandisi wa Kimarekani wa injini za Stirling, ambayo inakadiria nguvu: 0.15 mara presha mara ujazo anaosogeza pistoni mara mizunguko kwa sekunde. Pistoni ya sisi 20, hewa ya kawaida, mizunguko mitatu kwa sekunde, unapata kama wati 0.9, na hiyo ni kwa injini iliyochongwa vizuri. Ya makopo usitegemee hata sehemu ya kumi yake. Simu inataka wati 5. Kwa hiyo anayeandika kwenye bango lake "injini ya kuchaji simu" anajitafutia swali gumu mbele ya majaji.

Dainamo ya baiskeli isahau, ni nzito mno. Tafuta mota ndogo ya kufungulia trei ya DVD, izungushe kwa vidole, ile inayozunguka laini bila kukwama kwama ndio yako. Funga kamba ya mpira kutoka kwenye ukingo wa CD kwenda kwenye kishafti cha mota, CD ina sentimita 12, kishafti chenye puli ya sentimita moja kitazunguka mara 12 zaidi. Ikizidi kuwa nzito weka puli kubwa zaidi kwenye mota. Pima volti kwa mita kabla ya kufunga taa: LED nyekundu inataka kama volti 1.8, nyeupe karibu 3. Kama unapata volti moja tu, saketi ndogo ya kupandisha volti yenye transista moja na koili iliyosokotwa kwenye pete ya feraiti kutoka kwenye balbu mbovu ya kubana umeme itakuwashia LED. Hiyo balbu fungua iliyokaa muda mrefu bila umeme, kapasita yake inapiga, na mrija wake usiuvunje, una zebaki.

Halafu kuna wanaosoma kwamba mwaka 2008 huko New Mexico dishi lenye injini ya Stirling liligeuza asilimia 31.25 ya jua kuwa umeme wa gridi, wanauliza siri ni nini. Siri mojawapo ni kwamba ndani mle kuna haidrojeni kwa presha kubwa sana. Swali linalofuata huwa ni kama wanaweza kujaza upepo kwenye kopo kwa pampu ya baiskeli. Usijaze. Kopo la nyanya halikutengenezwa kubeba presha likiwa na moto, na mshono wake ukiachia unaachia mara moja. Ukitaka kufika huko ni silinda ya bomba nene, fundi wa kuchomelea anayejua vyombo vya presha, valvu ya usalama, na mwalimu wa karakana amesimama pale, bila hivyo baki na hewa ya kawaida.

UKIUNGUA AU JICHO LIKIPIGWA

Kuungua: maji baridi yanayotiririka dakika 20, sio dawa ya meno, sio asali, sio barafu. Likizidi ukubwa wa kiganja chako, au likiwa usoni au kwenye viungo, hospitali. Jicho likipigwa na nukta na ukabaki unaona doa katikati ya kila unachoangalia ambalo haliondoki, funika dishi, waambie wenzako, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Jicho linaweza lisiume kabisa na bado ndani limeungua, kwa hiyo usipime kwa maumivu.